Kikohozi cha Idarusi

Watu wa mtaa wa Usagara, mjini Tanga, walikuwa na majibu mengi kuhusu mashine ya marehemu Idarusi, na kama ilivyo kawaida yao, walikuwa nayo kabla hawajaulizwa. Wengine walisema ina jini. Wengine walisema haina jini, ina wivu. Asmahani mwenyewe, mjane wa Idarusi, aliyekaa na mashine hiyo chumba kimoja usiku na mchana, hakusema kitu. Alijua anachokijua: mashine ile ikipewa nguo nzito ilikohoa, na kikohozi chake kilikuwa cha mumewe.

Msimcheke bado. Mashine yenyewe ilikuwa ovaloki, yaani cherehani ya nyuzi tatu inayokata ukingo wa kitambaa na papo hapo kuuzungushia uzi ili usifumuke. Uzi mmoja unapita kwenye sindano, na mbili zilizobaki zinapita kwenye kulabu mbili za chuma, moja ya juu na moja ya chini, zinazopishana kwa kasi ambayo mtu hawezi kuifuata. Idarusi aliinunua kwa Mhindi mmoja aliyefunga karakana yake akarudi kwao, akaifunga juu ya meza ya kukanyagia kwa miguu, na kwa miaka mingi Tanga nzima ilimletea kingo zake pale barazani: kanzu, shuka, mablanketi ya vibarua wa mkonge, hata maturubai ya malori.

Kisha, mwaka wa mwisho wa maisha yake, akaanza kukataa nguo nzito. Si blanketi, si turubai, si kitambaa cha godoro. "Nzito mwiko," aliwaambia wateja, na ukimwuliza sababu aligeuza maneno. Asmahani alidhani uzee umemletea deko. Idarusi alikuwa hajatimiza hata miaka hamsini, lakini mafundi hudeka mapema.

Halafu akafa, mchana kweupe, kwa kugongwa na lori la mkonge kwenye barabara ya Pangani. Dereva alilia mbele za watu na kula yamini kwamba alipiga honi. Kwamba marehemu alisimama kando, akageuza uso kulielekea lori, akangoja kidogo, kisha akaingia barabarani. "Kama hakuniona," alisema dereva. Hakuna aliyemsadiki. Lori la mkonge ni kubwa kama nyumba, nani asilione?

Asmahani alikaa eda yake yote mashine ikiwa imefunikwa shuka. Siku aliyotoka eda, ndugu walipokwisha kula na kuondoka, aliifunua akakuta uzi bado umo, vile vile alivyoutunga mumewe: kutoka kwenye rili, ukapita katikati ya visahani vinavyoubana, ukazunguka vijicho na mikono ya chuma, mpaka kwenye kulabu. Alisimama akiutazama. Kanzu za Idarusi zilikwisha kugawiwa, viatu vyake alivivaa binamu yake, hata bakora yake ilikuwa imepata mkono mwingine wa kuishika. Kitu alichokiweka Idarusi kwa vidole vyake, na ambacho hakuna mwingine aliyekigusa baada yake, kilikuwa ule uzi tu. Akaamua hapo hapo kwamba hautatoka.

Na hautoki, ukijua namna ya kufanya. Uzi ukikaribia kwisha unaukata karibu na rili, unafunga ncha ya mpya kwenye ncha ya zamani kwa fundo dogo, kisha unakanyaga polepole. Wa zamani unauvuta wa mpya kwenye njia ile ile, kona kwa kona, mpaka utokee upande wa pili. Uzi wa sindano ndio peke yake unaotungwa upya, maana fundo halipiti kwenye tundu la sindano. Zile mbili za kulabu Asmahani hakuzifumua hata mara moja. Nyuzi zenyewe zilikwisha kubadilika mara nyingi, hilo alilijua, hakuwa mjinga. Lakini njia ilikuwa ya Idarusi.

Kwa nguo nyepesi mashine haikuwa na neno. Mambo yalianza pale jirani mmoja alipomwomba amfungie ukingo wa blanketi, naye akasahau mwiko. Blanketi lilipofika kwenye pindo, pale unene unapokuwa maradufu, mashine ikajizuia, ikatoa sauti ndani ya tumbo lake: khe, khem. Kisha uzi ukakatika. Na Asmahani, mdomo ukiwa umeitangulia akili, akajibu, "Karibu."

Alijibu hivyo kwa sababu ndivyo alivyojibu mwaka mzima wa mwisho. Idarusi alikuwa ameanza tabia mpya. Akifika nyumbani kwake mwenyewe hakupiga hodi wala hakuingia. Alisimama kizingitini, akakohoa mara mbili, kikohozi cha kusafisha koo tu, akangoja. Asmahani akisema karibu, ndipo alipoingia, akija moja kwa moja pale ilipotokea sauti.

"Umekuwa mgeni wa nyumba yako?" Asmahani alikuwa akimtania.

"Napenda kukaribishwa," alijibu mumewe, na jibu hilo lilimfurahisha Asmahani kuliko alivyoonyesha.

Basi jirani alirudishiwa blanketi lake nusu nusu, na mtaa ukapata habari ya jini. Asmahani naye akapata siri. Alitafuta kiraka cha blanketi kuukuu, akakikunja mara mbili, akakiweka kwenye mtoto wa meza. Baada ya adhuhuri, mtaa ulipotulia na watu wamejilaza, alikitoa kiraka, akakilaza chini ya mguu wa mashine, akakanyaga. Khe, khem. "Karibu," anasema. Uzi unakatika, anaufunga fundo, anakirudisha kiraka mahali pake. Wateja wenye nguo nzito aliwaambia kwamba mwiko wa nyumba ile haujafutwa. Aliishi hivyo mpaka mwaka wa hamsini na sita, na mume wa sauti moja.

Kisha akatokea Kombo.

Kombo alikuwa mpima mbata katika ghala moja karibu na bandari, mjane kama yeye, mtu mpana, mwenye tabia ya kucheka kabla hajafika kwenye sehemu ya kuchekesha. Mara ya kwanza alileta kanzu kufungwa ukingo. Mara ya pili alileta shuka. Mara ya tatu alileta kanzu ile ile, na Asmahani alipomwonyesha kwamba ukingo wake uko salama salimini, Kombo aliugeuza huku na huku, akasema, "Ah, kumbe ni mzuri namna hii," akaondoka akicheka peke yake njia nzima. Baada ya hapo alifuata adabu, akampelekea posa Uweso, kaka yake Asmahani.

Asmahani alitaka kukubali. Tuliseme wazi, maana yeye mwenyewe alilisema moyoni wazi kabisa. Alikuwa amechoka kupika chungu cha mtu mmoja. Alipenda namna Kombo alivyomwuliza kama amekula, na kulisubiri jibu. Lakini alimwonea haya marehemu. Unamkaribishaje mtu kila adhuhuri, halafu unahama nyumba?

Kwao Asmahani, watu wa Kigombe, mwanamke anayeolewa mara ya pili haendi na godoro la mume wa kwanza. Anashona mfuko wa godoro jipya kwa mkono wake mwenyewe, na hashonewi na mtu. Asmahani akaitumia desturi hiyo kuweka nadhiri ambayo shehe yeyote angemkemea kwayo. Mfuko wa godoro ataupitisha kwenye mashine ya Idarusi. Ukipita, Idarusi kamruhusu. Ukikataa, atamrudishia Kombo maneno yake na kubaki alipo mpaka siku ya kufa kwake.

Ukakataa. Kitambaa cha godoro, kile cha mistari ya buluu, ni kigumu hata kukikunja, na kwenye pembe hukutana mikunjo minne. Upande mrefu ulikwenda kwa shida, lakini ulikwenda. Kila ulipofika pembeni, khe, khem, uzi ukakatika. Asmahani alifunga mafundo mpaka vidole vikamuuma. Na kila mara, atake asitake, alisema karibu.

Jumatano asubuhi, masika yakimwagika barabarani, Uweso aliingia akiwa amejifunika gunia kichwani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Asmahani, mimi nimekuwa mtu mzima wa kutumwa na maneno nusu. Ijumaa baada ya sala Kombo anakuja kwangu. N'mwambie nini?"

"Namalizia mfuko wa godoro."

"Mfuko gani huo usiokwisha? Bibi yetu kashona wake huku ananyonyesha." Uweso aliikung'uta mvua mabegani, akaitupia mashine jicho la pembeni. Yeye naye aliiogopa, ila hakutaka ijulikane. "Kama humtaki mwana wa watu, sema. Si vizuri kumweka mtu mlangoni."

"Ijumaa utapata jibu," alisema Asmahani, na kaka yake alipoondoka alikaa chini, akalia kidogo, akaona aibu, akanyanyuka.

Alikwenda kumwita Bertha. Bertha alikuwa Mshambaa wa upande wa Mlalo, mke wa fundi seremala, na nyumba yao ilipakana na ya Asmahani ua kwa ua. Alikuwa amefanya kazi katika karakana ya kushona magunia na mablanketi, tena kwa mashine za namna ile ile. Walikuwa mashoga kweli, wa kuazimana chumvi na kugombana kwa sauti. Bertha hakuamini majini. Alikwenda kanisani Jumapili, na siku nyingine aliamini mafuta ya mashine.

"Haya, mgonjwa yuko wapi?" alisema, akakunja mikono ya gauni.

Akaanza kazi. Aliitoa sindano, akaiviringisha juu ya kioo, akasema imepinda kidogo na tena ni nyembamba, ni ya mashati. Akaweka nene. Mfuko ukaenda mbele kidogo kuliko zamani, mashine ikakohoa, uzi ukakatika. Akalegeza skrubu ya juu inayougandamiza mguu wa mashine, ili kitambaa kipate nafasi ya kupita. Ikakohoa. Akalegeza visahani vinavyobana uzi. Ikakohoa. Akaagiza mchi wa kinu, akakilaza kitambaa kwenye sakafu, akazitwanga zile pembe mpaka zikalainika, kisha akazisugua kwa kipande cha sabuni kavu ili sindano iteleze. Alikata matabaka ya ndani kwa ngazi ngazi, yasiishie mahali pamoja yakafanya nundu. Safari hii kitambaa kiliingia vizuri kabisa, sindano ikatoboa bila kulalamika.

Khe, khem.

"Karibu," alisema Asmahani.

Bertha aligeuka polepole akamtazama. "Unamkaribisha nani?"

"Hakuna. Nimezoea tu."

Bertha alirudi kwenye mashine, akaushika uzi wa kulabu ya chini kati ya vidole viwili, akaufuata kwa macho mpaka ulipoingia gizani nyuma ya mkono wa chuma. "Huu ndio unaokatika. Sindano haina kosa, kitambaa hakina kosa. Uzi huu kautunga nani?"

"Idarusi."

"Idarusi kafa, Mungu amrehemu, zaidi ya miaka miwili."

"Nafunga fundo, nauvuta. Sijaufumua."

"Basi nipe mkasi. Nautoa wote, naanza upya kutoka kwenye rili."

"Hapana."

"Asmahani, ni uzi!"

"Ni uzi wa kwako? Nyumba ya kwako?" Asmahani alisimama kati ya shoga yake na mashine, na sauti yake ilikuwa imepanda mpaka akaisikia mwenyewe. "Watu wamechukua kila kitu, wewe nawe unataka hiki. Nenda kwako, Bertha."

Bertha alifuta mafuta mikononi kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Mulungu wangu," alisema. "Shoga, wewe huna jini humu ndani. Una maiti." Akapita uani bila kuaga.

Alhamisi adhuhuri Asmahani alikitoa kiraka chake. Hakuwa na hamu ya mfuko wa godoro tena. Alikuwa amekwisha kuyapanga maneno ya kumwambia Uweso, yale ya adabu, ya kumsifu Kombo kwanza kabla ya kumkataa. Alitaka kusikia kikohozi tu, apate kutulia. Na alitaka kikawie, kwa hiyo hakukanyaga, akaligeuza gurudumu la pembeni kwa mkono, kidogo kidogo.

Sindano ikashuka. Kulabu zikapishana polepole. Kikohozi kikaja, lakini hakikuwa kikohozi. Kilikuja kirefu, mkwaruzo wa kukereketa, krrrr, kama mtu akiparua sufuria. Asmahani akaliachia gurudumu. Akalirudisha nyuma, akaligeuza tena. Krrrr. Kwa mara ya kwanza tangu mumewe afe aliiogopa mashine ile, na hakuiogopa kwa sababu Idarusi alikuwamo. Aliogopa asije akawa hamo.

Hakusema karibu. Aliingia chumbani akachukua kile kioo chake kidogo cha kupakia wanja, akarudi, akakiingiza nyuma ya mkono wa chuma, akalaza shavu juu ya meza na kutazama. Ndani mlikuwa na giza na vumbi la pamba. Alikigeuza kioo kwenye mwanga wa mlango, kisha akaona. Uzi wa kulabu ya chini ulipita juu ya kichwa cha skrubu, na ukali wa skrubu ile ulikuwa umeng'aa kwa kusuguliwa. Kila kitambaa kizito kilipouvuta uzi kwa nguvu, uzi ulijisaga pale, ukalia, ukakatika. Na pembeni ya skrubu, karibu sana, palikuwa na tundu dogo la chuma, tundu la kupitishia uzi usiguse kitu. Lilikuwa limejaa vumbi na mafuta yaliyoganda. Kwa muda mrefu hakuna uzi uliopita mle.

Alibaki ameinama hivyo mpaka shingo ikamuuma. Kisha akatoka uani, mvua ikimnyeshea, akasimama kwenye mlango wa jikoni kwa Bertha.

"Idarusi hakosei kutunga. Njoo utazame," alisema. Hakuomba radhi, wala Bertha hakuitaka.

Bertha aliacha mchicha wake, wakaenda wote. Alitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. Alikuwa na hasira bado, mtu angeiona kwenye mabega yake, lakini aliponyanyua kichwa ilikuwa imemwisha.

"Fundi gani huyu," alisema taratibu. "Tazama. Visahani kavipata. Kijicho hiki kakipata, na hiki, na huu mkono hapa. Kote huku ukifumba macho unaweza kutunga, vidole vinakwambia. Hili tundu moja ndilo kidole hakiingii. Hili lazima ulione."

Asmahani alikaa kwenye kigoda.

Lazima ulione. Ndipo yote yakamjia, na hayakumjia kwa upole. Idarusi akimwambia, nichagulie uzi, wewe una jicho la rangi. Idarusi akimimina chai na kidole kimoja ndani ya ukingo wa kikombe, naye akimgombeza kwamba ni uchafu. Idarusi akirudishiwa blanketi la mwisho alilolishona likiwa limefumuka, akilipapasa, akilipapasa tena, kisha akisema kwamba nzito mwiko. Alijua kuna kosa ndani ya mashine yake mwenyewe na hakuweza kulipata, wala hakuthubutu kumwomba mtu amtazamie. Idarusi akisimama kizingitini mwa nyumba yake, akitoka juani na kuingia gizani, akikohoa na kungoja sauti imwonyeshe mke yuko upande gani. Napenda kukaribishwa. Na Idarusi kando ya barabara ya Pangani, akigeuza uso kuielekea honi, akangoja, akakisia.

"Alikuwa haoni," alisema Asmahani. "Bertha, mume wangu alikuwa haoni, na mimi nalala naye kitanda kimoja."

Bertha akamshika mkono.

"Dereva wa watu kasema kweli, tukamwita mwongo." Asmahani alikuwa na hasira, hasira ambayo mtu hatakiwi kuwa nayo juu ya marehemu. "Kanificha. Kaifanya ile karibu yangu iwe fimbo yake, nami nikadhani ni mapenzi. Na kosa lake hili, ambalo alilionea aibu mpaka likamfukuza kwenye nguo nzito, ndilo nimelilinda. Angeliona, angelikata siku hiyo hiyo."

"Ilikuwa fimbo, na yalikuwa mapenzi pia," alisema Bertha. "Mtu hamwombi yeyote tu amwonyeshe njia."

Asmahani alichukua mkasi mwenyewe. Aliukata uzi wa kulabu ya juu, akaukata wa kulabu ya chini, akavuta, zikatoka zote mbili kwa urahisi. Alikuwa amejiandaa kwa jambo fulani, hata hakujua jambo gani: sauti, upepo, mkono begani. Mvua iliendelea kunyesha. Nje mtu alipita na baiskeli yenye kengele mbovu. Hapakuwa na kitu kingine.

Bertha alilizibua lile tundu kwa ncha ya sindano, akaipiga tupa ile skrubu mpaka ukali wake ukaisha, akamfundisha kutunga. Kulabu ya juu kwanza, kisha ya chini, sindano mwisho. Asmahani alitunga, akakosea, akatoa, akatunga tena. Tundu lile la nyuma alilitazama kwenye kioo cha wanja, akaupitisha uzi kwa kibano cha nyusi, na ulipotokeza upande wa pili machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni, naye hakuyafuta kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Asmahani akakanyaga mwenyewe, na mfuko wa godoro ukapita. Pembe ya kwanza, mikunjo minne, mashine ikaguna kidogo kwa uzito, kisha ikaendelea, nyuma yake ukifuata ukingo uliofungwa safi, wa buluu na nyeupe. Pembe ya pili. Ya tatu. Bertha alipiga makofi mara moja, akajizuia. Ilipokwisha pembe ya mwisho alisema mchicha wake umeungua hakika, akaenda zake, maana alikuwa mtu wa kujua wakati wa kuondoka.

Asmahani alipobaki peke yake alifungua mtoto wa meza, akakitoa kile kiraka cha blanketi. Alijua atakachokiona, na alitaka kukiona. Alikilaza chini ya mguu wa mashine, kimekunjwa vile vile, kinene vile vile, akakanyaga.

Kikapita. Kikaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili kimefungwa ukingo, kitambaa tu kama cha mtu yeyote. Mdomo wake ulikuwa umekwisha kufunguka kusema karibu, ukabaki wazi. Chumba kilikuwa kimya kwa namna ambayo hakijawahi kuwa kimya tangu alipohamia mle akiwa bibi harusi.

"Ungeniambia," alisema kwa sauti, akiuelekea mlango. "Ungeniambia, Idarusi. Ningekutungia mimi."

Alingoja kidogo, kwa mazoea. Kisha akaifunika mashine.

Ijumaa baada ya sala, kabla Kombo hajafika kwake, Uweso alikuja mwenyewe, kanzu yake imechafuka matope chini, akasimama barazani na uso wa mtu aliyejiandaa kukasirika. Aliuona mfuko wa godoro umetandazwa juu ya kamba, mzima, unangoja sufi ya kujazwa. Uso ukamlegea.

"Shikamoo, kaka. Mwambie Kombo nimekubali."

"Alhamdulillahi! Marahaba, marahaba. Basi wacha niende kabla hujabadilisha, maana wewe..."

"Ngoja. Umwambie na neno moja jingine." Asmahani aliushika ukingo wa ule mfuko, akapitisha kidole juu ya mshono. "Macho yake yakianza kumsumbua, aniambie."

Uweso alimtazama asielewe. "Macho? Mtu anasoma mizani toka mlangoni, macho yana nini?"

"Hayana kitu," alisema Asmahani. "Lakini mwambie aniambie."